Kukadiria Ukubwa na Umbo la Tunda: Ngeli, Utepe na Mkungu wa Ndizi wa Miti

1. Utangulizi

Kwenye njia panda ya Miti, katika teritwari ya Kabare, barabara itokayo Bukavu hugawanyika. Mkono mmoja waendelea Kavumu na kuelekea Goma. Mwingine wapanda Tshivanga, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, na kutokea Bunyakiri na Walikale. Hapo ndizi huuzwa bila mizani. Mnunuzi huufikia mkungu uliolazwa juu ya majani, huukamata kwenye kikonyo, huuinua kidogo, huutua, kisha hutaja bei. Muuzaji, ambaye aghalabu ni mama aliyeubeba mkungu huo mgongoni tangu shambani, hutaja bei nyingine. Wote wawili wanakadiria uzito. Tofauti ni kwamba mnunuzi huinua mikungu mingi kila siku ya soko, na mara kwa mara huipeleka mahali palipo na mizani. Kwa hiyo mkono wake umekwisha kufunzwa na mizani. Mkono wa mama haujapata funzo hilo.

Mwandishi wa makala haya alizaliwa si mbali na njia panda hiyo, na utotoni alitumwa zaidi ya mara moja kuuza mkungu. Hakumbuki hata mara moja ambapo bei iliyokubaliwa ilikuwa ile aliyoagizwa nyumbani.

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa Kiswahili na kwa hesabu isiyozidi ile ya shule ya sekondari, namna ukubwa na umbo la tunda vinavyoweza kukadiriwa kwa modeli za kihisabati, yaani kwa kulichukulia tunda kana kwamba ni umbo fulani linalojulikana, kisha kulipima umbo hilo. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini kazi hii ifanywe na mwanaisimu. Sababu ni mbili. Kwanza, Kiswahili chenyewe kina namna yake ya kupanga vitu kwa umbo na ukubwa, na namna hiyo ndiyo inayotumika sokoni. Pili, kilometa chache tu kutoka Miti kipo kituo cha Mulungu cha INERA, kilichorithi kazi za INEAC iliyoundwa mwaka 1933, chenye shamba la mkusanyo wa aina za migomba. Na kipo Lwiro, kituo kilichojengwa na IRSAC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1947. Maarifa ya vituo vya namna hii huandikwa Kifaransa na Kiingereza. Mama wa njia panda huuza kwa Mashi na kwa Kiswahili. Kati ya shamba la utafiti na jani alilolazia mkungu wake hakuna umbali mkubwa wa kutembea, ila umbali wa lugha ni mkubwa.

2. Umbo lililomo katika ngeli

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anazijua jozi hizi: mchungwa na chungwa, mwembe na embe, mpapai na papai, mlimau na limau, mparachichi na parachichi. Shina la neno ni moja. Kinachobadilika ni ngeli: mti huingia katika ngeli ya M-/MI-, tunda huingia katika ile ya JI-/MA-, ambazo kwa hesabu ya Meinhof ni ya 3 na 4 kwa upande mmoja, ya 5 na 6 kwa upande mwingine. (Kwamba jina la mahali tunapopazungumzia lasomeka kwa Kiswahili kama wingi wa mti ni sadfa iliyotufurahisha, wala hatujengi hoja juu yake.)

Sarufi nyingi za shule huishia hapo: miti huku, matunda kule. Lakini mwaka 1976 Denny na Creider, wakichunguza ngeli za Kibantu asilia, walitoa hoja kwamba chini ya mpango huo kuna jambo la umbo. Ngeli ya 3 na 4 ilikusanya vitu vilivyonyooka na kurefuka. Ya 5 na 6 ilikusanya vitu visivyorefuka, vilivyojikusanya mahali pamoja na kuwa donge. Kwa maelezo hayo chungwa halimo katika JI-/MA- kwa kuwa ni tunda tu. Limo humo pamoja na jicho, yai, jiwe na boga, kwa kuwa vyote hivyo ni vitu ambavyo mkono ukivifumbata huhisi unene pande zote.

Hoja hii ina nguvu kuliko inavyoonekana mwanzoni, kwa sababu mpango huo haukufa. Mananasi, mapapai na mapera yalifika pwani yetu pamoja na majina kutoka kwa Wareno, na majina hayo hayakuachwa nje: yalipewa wingi wa ma- na miti yake ikapewa m-. Msemaji wa Kiswahili aliyeliona nanasi kwa mara ya kwanza alikuwa, bila kujua, anatumia modeli.

Modeli hiyo ina mipaka yake. Ndimu, zabibu na tende zimo katika ngeli ya N-, na mtu angeweza kusema ni kwa sababu ya udogo wake. Lakini ndizi nayo imo humo, na ndizi si ndogo wala si donge. Nazi ndiyo jiwe la kujikwaa la kila nadharia ya namna hii: ni nene, ni ya mviringo, imejaa kiganja na kuzidi, na bado hatusemi *manazi. Hatuna budi kukubali kwamba ngeli ni mpango wa kale uliokarabatiwa mara nyingi, kama nyumba ambayo kila mrithi ametoboa mlango wake.

Lililo muhimu kwetu ni kwamba ngeli hizo hizo hubeba pia ukubwa. Nyoka akikua sana huwa joka, kikapu kikikua huwa kapu, mji ukipanuka huwa jiji; kinyume chake, mti ukipungua huwa kijiti. Katika Kiswahili cha Kivu, kama kilivyo cha Kongo yote ya mashariki, udogo huonyeshwa zaidi kwa ka- na tu-: mtoto mdogo ni kadogo, na wenzake ni tudogo. Sokoni Miti parachichi, ambalo wengi huliita avoka, laweza kuwa kubwa, la kawaida au kale kadogo, na kila daraja lina bei yake.

Hapa ndipo tofauti ya lugha na hesabu inapojitokeza. Lugha hupanga vitu kwa daraja: hiki kinazidi kile. Haisemi kinazidi kwa kiasi gani. Madaraja matatu ya soko yana bei tatu, na mtu husadiki kwamba hatua kati ya bei zinafuata hatua kati ya ukubwa. Mara nyingi hazifuati, na upungufu huo huangukia upande mmoja.

3. Jicho na ujazo

Tuchukue machungwa mawili. Kipenyo cha la kwanza ni sentimeta 6, cha la pili ni sentimeta 8. Ukiyaweka bega kwa bega, jicho huona kwamba la pili linalizidi la kwanza kwa theluthi moja. Muuzaji mwenye huruma ataongeza bei kwa theluthi, au kwa nusu akiwa mkali.

Tulichukulie kila chungwa kuwa tufe. Ujazo wa tufe ni sehemu ya sita ya zao la pai na kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara tatu:

Ujazo = π × K × K × K ÷ 6

ambapo K ni kipenyo na π, yaani pai, ni takriban 3.14. Chungwa la kwanza lina sentimeta za ujazo 113. La pili lina 268. Chungwa ambalo jicho lilisema limezidi kwa theluthi moja lina ujazo unaozidi mara mbili na theluthi moja. Anayelinunua kwa bei ya moja na nusu amepewa bure zaidi ya theluthi ya tunda.

Sababu yake si uhodari wa mnunuzi. Jicho husoma urefu, ilhali uzito hufuata ujazo, na ujazo hukua kwa pande tatu kwa wakati mmoja: urefu, upana na kina. Kosa la kipimo hukua vivyo hivyo. Anayekosea kipenyo kwa asilimia 5 hukosea ujazo kwa karibu asilimia 16. Kwa hiyo ni afadhali kupima vizuri kitu kimoja kuliko kukisia vitatu.

Ugumu wa kipenyo ni kwamba kimejificha ndani ya tunda, rula haikifikii. Mzingo hufikiwa na utepe wa fundi cherehani. Kwa kuwa mzingo ni kipenyo mara pai, kanuni ya hapo juu yaweza kuandikwa upya hivi:

Ujazo = M × M × M ÷ 59

ambapo M ni mzingo kwa sentimeta. Tunda lenye mzingo wa sentimeta 25 lina ujazo wa takriban sentimeta za ujazo 265. Hesabu hiyo hufanywa kwa simu ya mkononi katika muda wa kusalimiana. Na kwa kuwa matunda mengi mabichi yana uzito unaokaribia ule wa maji ya ujazo uleule, 265 hizo ni karibu gramu 265. Neno "karibu" hapo linabeba mzigo: ganda nene na uwazi wa ndani hupunguza, na papai, lenye shimo la mbegu, haliingii katika kanuni hii bila marekebisho.

4. Tufaha, limau na ndoo ya maji

Matunda mengi si matufe. Katika historia ya hesabu swali hili lilianzia kwenye pombe. Mwaka 1613 mwanafalaki Johannes Kepler, akioa kwa mara ya pili, alinunua mapipa ya mvinyo. Muuzaji alipima kila pipa kwa kutumbukiza fimbo kupitia tundu la ubavuni hadi kwenye pembe ya mbali ya chini, akasoma urefu uliolowana, akataja bei. Kepler alishangaa kwamba fimbo moja ilitosha kwa mapipa ya maumbo mbalimbali, na mwaka 1615 alitoa kitabu cha Kilatini kuhusu ujazo wa mapipa. Humo aliyaeleza maumbo yapatikanayo kwa kuzungusha kipande cha duara kwenye uzi wake. Kipande kikubwa kuliko nusu duara kikizungushwa hutoa umbo lililobonyea juu na chini. Kepler aliliita tufaha. Kipande kidogo kuliko nusu hutoa umbo lenye ncha mbili, aliliita limau. Msomaji wa Bushi, ambako ndizi nyingi haziliwi bali hukamuliwa na kuwa kasiksi, hatashangaa kwamba hesabu ya maumbo ilichochewa na mtu aliyeogopa kupunjwa kinywaji.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba mwanahisabati, alipokosa jina la umbo, alikwenda sokoni kulitafuta. Kiswahili kimefanya vivyo hivyo. Istilahi yetu ya umbo lenye kitako cha duara na ncha moja ni pia, jina la kitu ambacho watoto huzungusha chini kwa kamba. Umbo lenye pande zilizonyooka na ncha mbili zinazolingana ni mche, na likiwa la duara ni mcheduara. Istilahi duaradufu, inayotumika kwa umbo la yai lililochorwa juu ya karatasi, imenivutia zaidi. Dufu ni hafifu, isiyofikia kiwango. Duaradufu basi laelekea kuwa duara lililopungukiwa. Neno la Kigiriki ambalo lugha za Ulaya zilitumia kwa umbo hilo hilo lilikuwa na maana ya upungufu vilevile. Sidhani kwamba waundaji wa istilahi zetu walikuwa wakitafsiri Kigiriki. Yawezekana watu wa lugha mbili walitazama duara lililobanwa wakaona kasoro ileile.

Duaradufu, hata hivyo, ni umbo bapa. Ukilizungusha ili lipate unene, kama limau lisilo na ncha, lahitaji jina lake. Katika makala haya nitaliita tufedufu, kwa mfano uleule: duara kwa duaradufu, tufe kwa tufedufu. Wenzangu wa istilahi wakiwa na neno bora nitaliacha hili bila kinyongo.

Ujazo wa tufedufu ni rahisi kukumbuka kwa sababu ni ndugu wa ule wa tufe. Badala ya kipenyo kimoja mara tatu, chukua urefu, upana na kina cha tunda, uvizidishe pamoja, kisha uzidishe kwa pai na kugawanya kwa 6. Tuseme parachichi lina urefu wa sentimeta 12, na upana na kina vya sentimeta 8 kila kimoja. Tufedufu yake ina sentimeta za ujazo 402.

Lakini parachichi la namna hiyo lina shingo. Modeli ya tufedufu huijaza shingo hiyo nyama ambayo haipo. Tulikate tunda katika fikra zetu vipande viwili: chini nusu tufe yenye nusu kipenyo cha sentimeta 4, juu pia iliyokatwa ncha, yenye kimo cha sentimeta 8, inayoanza na nusu kipenyo cha 4 na kuishia na 2. Nusu tufe ina 134; pia iliyokatwa ina 235; jumla ni 369. Modeli ya kwanza ilizidisha kwa 33, karibu asilimia 9.

Ni ipi iliyo sahihi? Hakuna iliyo sahihi. Tunda halikusoma jometria. Swali linalofaa ni ipi inayokosea kidogo zaidi, na hilo hujibiwa kwa ndoo. Jaza ndoo maji hadi ukingoni, uiweke ndani ya beseni, ulizamishe parachichi lote kwa kulisukuma na kijiti chembamba, kisha uyapime maji yaliyomwagika kwa chupa yenye alama za mililita. Mililita moja ni sentimeta moja ya ujazo. Njia hiyo, inayohusishwa na jina la Archimedes, haihitaji modeli yoyote. Mtu atauliza: kama ndoo inatosha, modeli ni ya nini? Ni kwa ajili ya tunda ambalo bado liko mtini, na kwa ajili ya matunda mia tano ambayo hakuna atakayeyazamisha moja moja. Ndoo huikagua modeli kwa matunda ishirini; modeli kisha huyabeba yaliyobaki. Siku hizi hata picha ya simu yaweza kutoa vipimo, mradi rula iwekwe kando ya tunda pichani. Ila picha huonyesha urefu na upana tu, na kina lazima kikisiwe, kwa hiyo tumerudi kwenye tufedufu.

5. Ndizi, na mkungu wake

Ndizi ina matatizo mawili ambayo parachichi halina: imepinda, na haiko peke yake.

Kupinda kwake hakutishi kama kunavyoonekana. Pappus wa Aleksandria, katika karne ya 4, aliacha kanuni ambayo kwa jambo letu yasema hivi: ujazo wa mrija uliopinda ni sawa na eneo la mkato wake mara urefu wa njia inayopita katikati. Kinachohitajiwa basi ni njia ya katikati. Utepe ukilazwa juu ya mgongo wa ndizi husoma urefu uliozidi, na ukilazwa tumboni husoma uliopungua. Wastani wa viwili hivyo ndio unaotufaa. Tuseme mgongo una sentimeta 18, tumbo 14, unene 3.5. Njia ya katikati ni 16, na mcheduara wake una ujazo wa takriban sentimeta za ujazo 154. Anayetumia mgongo peke yake hupata 173. Na kwa kuwa ndizi huchongoka ncha zote mbili, hata hiyo 154 ni nyingi. Lazima izidishwe kwa namba iliyo chini ya moja, ambayo tutaiita kipunguzi. Kipunguzi hakitoki katika kitabu. Hutoka katika ndoo, na kila aina ya ndizi ina chake: Kamaramasenge, fupi na iliyojaa, haiwezi kutumia kipunguzi cha Gros Michel.

Wanunuzi wakubwa wa dunia wamekwisha kuyaandika mambo haya katika sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 2257 ya mwaka 1994, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na nyingine mwaka 2011, ilitaka ndizi ya kuuzwa bichi iwe na urefu usiopungua sentimeta 14 na unene usiopungua milimeta 27. Magazeti yalicheka sana kwa ajili ya kifungu chake kuhusu ndizi zilizopinda kupita kiasi. Kicheko hicho kilificha sehemu yenye maana. Kanuni ilieleza mahali pa kupima: urefu upimwe juu ya mgongo, na ndizi ya kupimwa iwe ile ya katikati katika safu ya nje ya chane. Yaani muuzaji na mnunuzi, hata wakiwa wamepishana kwa bahari nzima, walijua ni ndizi ipi itakayopimwa na utepe utalazwa wapi. Makubaliano ya mahali pa kuweka utepe yalikuwa nusu ya kipimo. Kule Miti kila mmoja hupima anapotaka: muuzaji hutazama chane ya juu, ambayo ndiyo iliyonona, na mnunuzi huonyesha kidole kwenye ile ya mwisho.

Kutoka ndizi moja twende kwenye mkungu, ambao wengine hapa huuita rejime. Mkungu hupungua unene kutoka juu kwenda chini. Kwa macho ni pia iliyokatwa ncha na kugeuzwa. Kwa hiyo ndizi ya wastani hukaa karibu na katikati yake. Hesabu chane zote, hesabu ndizi za chane ya katikati, pima ndizi ya kati ya safu yake ya nje, na zidisha. Mkungu wa chane 7, zenye wastani wa ndizi 14, ukiwa na ndizi ya kati ya gramu 120, una karibu kilo 11.8 za ndizi, mbali na kikonyo. Jambo hili lote lafanyika bila kukata chochote.

Wapo waliokwenda mbele zaidi. Mwaka 2009 Wairegi na wenzake, wakifanya kazi Uganda, walichapisha utafiti wa kukadiria uzito wa mikungu ya ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki kwa vipimo vya shambani visivyoharibu mmea. Vipimo vyenyewe ni vya aina ambayo mkulima yeyote aweza kuichukua: mzingo wa shina, idadi ya chane, idadi ya ndizi. Msingi wake ni kwamba shina nene limekusanya chakula kingi, na mkungu hula kutoka humo. Haihitajiwi tena kujua tunda lina umbo gani. Yatosha kupima mikungu mingi, kuipima pia kwa mizani, kuchora nukta moja kwa kila mkungu, na kupitisha katikati ya nukta hizo mstari unaoziacha zote karibu nao iwezekanavyo. Mstari huo ndio modeli. Mkungu ujao hauendi kwenye mizani. Hupelekwa kwenye mstari.

Napenda kusisitiza udhaifu wa mstari kama huo, kwa sababu wanafunzi wetu wakiona namba zenye desimali huacha kuuliza. Mstari wa Uganda ni wa aina za Uganda, udongo wa Uganda na mvua ya Uganda. Udongo wa volkano wa Miti haumo ndani yake, wala Kamaramasenge yetu. Isitoshe, modeli hupima nje. Mnyauko wa migomba, uliothibitishwa Uganda mwaka 2001 na kuenea Kivu baadaye, huozesha ndizi ndani huku ganda likiwa zima. Shina lina mzingo wake, chane zinahesabika, mstari unatoa kilo zake, na mkungu haufai hata kwa kasiksi. Hapo mkono wa mama, aliyezoea kukata ndizi moja na kuitazama kiini, unajua zaidi kuliko utepe.

Basi nini kifanyike Miti? Mikungu thelathini ya aina moja, utepe mmoja wa fundi, mizani moja ya kuazima kwa siku chache za soko, na daftari lenye safu nne: mzingo wa shina kwa urefu wa mita moja kutoka chini, idadi ya chane, idadi ya ndizi za chane ya katikati, uzito. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aweza kufanya kazi hiyo, na aweza kuiandika kwa Kiswahili tangu kichwa cha habari hadi ukurasa wa mwisho, kwa kuwa tumeona kwamba maneno yapo, isipokuwa mawili matatu. Kazi ngumu ni ya baadaye: kulipunguza jedwali lote liwe utepe wenye alama za kilo badala ya sentimeta, ambao mtu asiyesoma aweza kuuzungusha kwenye shina na kuona alama imefika wapi.

Nilimweleza mama mmoja wa njia panda wazo la utepe huo. Alinisikiliza hadi mwisho, huku akifukuza nyuki kwenye ndizi zake zilizoiva.

"Mwalimu," akasema, "huo utepe utauzwa wapi? Kwa sababu wakiuuza Bukavu, watakaoununua ni hao wenye magari."

Sikuwa na jibu siku ile. Nimeanza kuchora alama kwenye utepe wangu mwenyewe, kwa kalamu ya wino, na aina ya kwanza nitakayoipima ni ile iliyomo shambani mwake.